Neno Ndani ya Chupa ya Chai

Bibi alikuwa amemsuka mjukuu wake mistari mitatu, kichwa kilichobaki bado timutimu. "Kitendawili!" akasema, kama kila asubuhi, bila kungoja jibu. Mtoto waliyemwita Chiriku kwa utani, kwa kuwa miaka minne hakuwahi kutamka neno, akajibu, "Tega!"

Bibi akambeba na kukimbilia jikoni ili mama mtu naye asikie. Mama mtu alikuwa mezani akiandika programu, vipokea sauti masikioni. Bosi alikuwa akimwamuru aunganishe kazi yake na ya mwenzake aliyefanyia kazi jikoni kwake, upesi, hata kama ya leo hajaihifadhi. Akaunganisha.

Jiko la mwenzake likaingia ndani ya lao. Milango ikawa minne, na bibi wa kule akajikuta kiti kimoja na Bibi.

"Sogea kidogo, mwenzangu."

"Nisogee wapi, na mguu huu sijui wako au wangu?"

Mama mtu akajishika kichwa. "Nimevuruga. Inabidi nitengue, turudi tulivyokuwa jana. Lakini mama, cha leo kisichowekwa kando kinapotea."

"Hata kilichosemwa?"

"Chochote," akasema, na kurudi kuweka kando kazi yake.

Bibi akaibandua ile mistari mitatu kichwani mwa mtoto, akaifungasha kwenye kopo la vifungo. Kisha akamwekea mtoto chupa ya chai mdomoni. "Kitendawili!"

"Tega!"

Akafunga kizibo, akakikaza kwa meno.

Mama mtu akatengua. Jiko la wageni likaondoka taratibu, na bibi wa kule akaondoka na kandambili ya kushoto ya Bibi. Nywele za Chiriku zilikuwa timutimu zote. Bibi akairudisha mistari mahali pake. Neno akalimimina kikombeni, akalipuliza lipoe, akamnywesha mtoto mbele ya meza ya mama yake.

"Kitendawili!"

"Tega!"

Bibi akatazama mezani. Mama mtu alikuwa anaandika.

"Yumo ndani, hayumo."

Chiriku akafikiri kidogo. "Mama," akajibu.

Mama mtu akainua kidole, kuomba kimya kidogo. "Ndiyo, bosi," akasema. "Ndiyo, nimeitengua. Niunganishe tena? Sasa hivi?"

Bibi akavuta chupa ya chai, akaanza kukifungua kizibo. Safari hii ya kuweka kando yalikuwa maneno mawili.