Kitanda cha Mlangoni

Tangu asubuhi Bado Moja alikuwa amekwenda msalani mara nyingi sana, hata mlinzi wa mlango akachoka kumsalimia, akawa anamfungulia tu. Alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga upya. Alikaa kwenye benchi la chumba cha kusubiria, benchi likamkataa. Akasimama.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Mwaka uliopita, katika mashindano ya taifa, aliongoza mbio za mita elfu kumi, akavuka mstari, akainua mikono, akapiga magoti na kuubusu uwanja kwa ibada zote, huku wenzake wakimpita mmoja mmoja. Ilikuwa imebaki raundi moja. Jukwaa zima likamwimbia: "Bado moja! Bado moja!" Baba yake mzazi ndiye aliyepiga makofi ya kuongoza wimbo.

Na leo ilikuwa fainali ya bara zima. Akiharibu tena, jina lile lingemfuata mpaka kwa wajukuu.

Mama yake mdogo, ambaye pia ndiye kocha wake, alikuwa amepiga magoti mbele yake, pini mdomoni, akimbandika nambari kifuani.

"Leo huhesabu."

"Sihesabu."

"Apa."

"Mama mdogo, utameza pini."

"Pini ni zangu, wewe apa. Hesabu umerithi kwa baba yako, na baba yako alifika harusini kwake kesho yake. Kazi yako ni kusikia kengele ya raundi ya mwisho. Ikilia, unatoka kama umeona nyoka. Isipolia, unatulia. Tumeelewana?"

"Naapa, mama mdogo."

Kutoka benchi la pili, Twiga, bingwa mtetezi, mwenye miguu inayoanzia kifuani, alijinyoosha polepole. "Dada, leo ukiinua mikono, tusimame tukupongeze au tuendelee tu?"

Chumba kikacheka.

"Endeleeni tu," alisema Bado Moja. "Nitawakuta."

Kiapo alikitunza kwa uaminifu mkubwa. Hakuhesabu. Aliamsha.

Shuleni, miaka ya bwenini, alikuwa kiranja wa kuamsha. Kila alfajiri alipita vitanda ishirini na vitano, kuanzia kona ya dirisha hadi mlangoni, akivuta mablanketi bila huruma. Raundi nazo zilikuwa ishirini na tano. Hivyo bastola ilipolia, alianza na kitanda cha dirishani, cha yule aliyelala amevaa soksi kichwani. Raundi ya pili, yule aliyeota hesabu kwa sauti na kuzikosa hata ndotoni. Kiwiko cha mtu kilimpiga mbavuni, akavuta blanketi. Mtu akamkanyaga kisigino, akavuta blanketi. Wengi wakabaki nyuma, kundi la mbele likawa la watu watano, naye akakaa mkiani mwake, akiwashwa na miguu kama aliyekalia siafu. Kila mara alitaka kutoka. Kila mara akajikumbusha kuwa bado kuna watu wamelala.

Wakamkaribia mkimbiaji wa mwisho, binti mmoja aliyekuwa amechoka wazi, wamzidi raundi nzima. Binti akapita mstarini, nao wakapita nyuma yake tu.

Ndipo kengele ikalia.

Twiga akachomoka. Wengine watatu wakamfuata. Jukwaa likasimama. Na Bado Moja akabaki peke yake, bwenini, akiangalia vitanda viwili ambavyo havijaamshwa: cha Mkoromaji na chake mwenyewe, cha mlangoni.

"Kengele!" Mama mdogo alikuwa ameegemea uzio wa kona ya kwanza nusu ya mwili ikiwa nje. "Wewe mtoto! Kengele!"

"Mkoromaji bado amelala!"

"Nani?"

"Bado wawili!"

"Uliapa!" Mama mdogo akavua kofia, akaitupa uwanjani. "Jamani, ameniapia huyu!"

Kipaza sauti kikatangaza kwa masikitiko kwamba mwanariadha wetu ameishiwa nguvu. Miguu yake ikamsihi. Twiga alikuwa akiyoyoma. Labda alimruka mtu. Labda alimwamsha mtu mara mbili. Akarudi haraka dirishani, akapita vitanda vyote tena kwa macho: soksi, hesabu za ndotoni, wote. Wote wameamka. Akauma meno, akaendelea na mwendo uleule, akimtikisa Mkoromaji.

Mbele yake, Twiga akavuka mstari, akainua mikono, akaanguka kifudifudi. Watatu wakamwangukia kando.

Waamuzi wakatazamana. Mzee wa kengele akatazama ubao wake, kisha akamtazama yule binti wa mwisho, na rangi ikamtoka: alimhesabu binti kama kiongozi, kisha akawahesabu viongozi wenyewe. Raundi moja ameihesabu mara mbili. Akarukia uwanjani akipunga mikono.

"Inukeni! Bado moja! Bado moja!"

Bado Moja akadhani anaitwa. Akaitika "Naam!" akawaruka waliolala, akaenda kuamka mwenyewe.

Sasa ndipo alipokimbia. Raundi nzima ya wasiwasi ilikuwa imebanwa miguuni, akaiachia yote. Nyuma yake alisikia hatua ndefu. Twiga alikuwa ameinuka, hana masihara. Kwenye kona ya mwisho hatua hizo zikawa karibu, zikawa begani. Bado Moja akalivuta blanketi la kitanda cha mlangoni kwa mikono miwili, akauvuka mstari kifua mbele.

Uwanja ukalipuka. Yeye hakuinua mkono hata mmoja. Aliendelea kukimbia.

"Simama!" alipiga kelele mwamuzi, akimfukuza na bendera. "Dada, umeshinda! Zimekwisha!"

"Una hakika?"

"Nina hakika!"

"Yule mzee naye alikuwa na hakika!" akajibu, na akaongeza mwendo.

Kwenye kona ya kwanza Mama mdogo aliruka uzio, akamdaka kiunoni kwa mikono yote miwili, wakaburutana hatua kadhaa.

"Simama, mwanangu. Wameamka wote."