Miguu ya Baba Mkwe

Nimeolewa miaka kumi na miwili, na ukiniuliza sura ya baba mkwe wangu ikoje nitakuambia sijui. Picha yake ipo ukutani kwetu, lakini picha si mtu. Ninachokijua mimi ni miguu. Kwetu huku mkamwana hamtazami baba mkwe wala hamsemeshi. Wakikutana njiani, mkamwana anapiga magoti pembeni, macho chini, mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha, hata wazee wa kanisa wanakula meza moja na wake za watoto wao. Mzee Anangisye wa Ikolo, baba mkwe wangu, hakuacha. Kwa hiyo namjua kwa kisigino cha kushoto chenye kovu la jembe, na kwa katambuga zake za tairi, ambazo kila tukikutana zinageuka na kunionyesha nyuma.

Ndiyo maana mimi ndiye niliyewaona wale nzi.

Tulikuwa msibani. Nimepiga magoti kando ya njia, mzee akapita, na nyuma ya katambuga ya kulia wakafuata nzi watatu. Akisimama, wanatua. Akitembea, wanafuata. Mwenyewe hana habari. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume, huu mwaka wa kumi na nne. Mtu mwenye kidonda cha kuita nzi halafu hasikii chochote, mara nyingi ni sukari. Jioni nikamwambia mume wangu, Jackson, kwa ukali kama kwamba kosa ni lake: baba yako apelekwe hospitali kesho, usinijibu.

Sukari ilikutwa juu sana. Chini ya unyayo wa kulia, karibu na kidole kidogo, palikuwa na kidonda ambacho mzee alidhani ni mpasuko wa kawaida wa mkulima. Dokta Jubilate akasema mguu tunaweza kuuokoa, lakini kidonda kisafishwe na kufungwa kila asubuhi bila kukosa, na mzee asiukanyagie. Akalazwa wodi ya wanaume. Yaani kwangu.

Siku nne za mwanzo hazikuwa na tabu. Mwenzangu Ipyana ndiye aliyemhudumia, na mimi nikawa napita mbali. Siku ya tano Ipyana akaenda chuoni kusomea shahada, miaka mitatu, na wa kuziba nafasi yake hakuja. Asubuhi nikabaki peke yangu: vitanda ishirini na vinane, wagonjwa thelathini na wanne, na kishikwambi ambacho kila sindano lazima iingizwe kwenye mfumo, mfumo wenyewe ukiwa unalala kuliko wagonjwa. Sijui nani aliamua kwamba kazi isiyoandikwa haikufanyika. Mimi najua nyingi zilizofanyika bila kuandikwa, na nyingine zilizoandikwa tu.

"Wewe ni muuguzi," aliniambia Metroni Felista. "Ingia umfunge kidonda. Mambo ya ukwe mkayafanyie nyumbani."

Nikaingia. Nilikuwa na trei mkononi na sheria yote ya kazi upande wangu. Mzee aliposikia sauti yangu alijifunika shuka kichwani. Nilipofika kwenye kitanda akateremka upande wa pili, akatoka mpaka kwenye korido, anakanyaga ule ule mguu, anaacha alama za unyevunyevu sakafuni. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, Ezra, mfanyabiashara wa kuvuka mpaka aliyevunjika paja, akacheka mpaka akashika paja lake. Mimi sikucheka. Niliangalia zile alama nikaona nikiendelea kumfukuza hivi, huyu mzee mguu utakatwa, na nitakuwa nimeukata mimi.

Nilikasirika, sifichi. Nilimkasirikia yeye, nikakasirikia mila, nikajikasirikia mwenyewe kwa sababu nusu yangu ilikuwa inampa haki. Hakuwa ananidharau. Alikuwa ananiheshimu, kwa namna pekee anayoijua.

Basi nikamfuata mama mkwe. Mama Veronika ni Mkisi, mfinyanzi, vyungu vyake vinashushwa na mitumbwi kwenye gulio la Lyulilo, na watu wanaviulizia kwa jina. Yeye naongea naye vizuri tu, tunataniana hata. Alikuwa amekaa nje ya wodi na kikapu cha chakula.

"Mama," nikamwambia, "utafunga wewe. Mimi nitasimama nyuma ya skrini nikuelekeze."

"Mimi? Mikono yangu ni ya udongo, Mama Hebroni."

"Itaoshwa."

Metroni hakupenda. Ndugu wa mgonjwa analeta uji, alisema, hafungi vidonda. Nikamuuliza: mzee akirudi Ikolo, nani atamfunga, mimi au yeye Metroni? Semina ile ya juzi tumeambiwa nini, si kuwashirikisha ndugu? Alinitazama kama mtu aliyekanyagwa. Mwishowe akasema siku tatu tu, na nikisikia harufu imebadilika nimwite.

Tukaanza hivyo. Mzee kitandani, mama mkwe na glavu zilizombana, mimi nyuma ya lile pazia la kijani lenye magurudumu. Naona sakafu tu, na miguu ya kitanda.

"Mwagia maji ya chumvi kwanza. Anzia katikati, nenda nje. Usirudie pamba."

"Sirudii."

"Rangi gani?"

"Kama udongo wa Ikombe uliolowekwa siku moja. Si ule wa siku tatu."

"Mama, mimi siujui udongo wa Ikombe."

"Mwekundu, unang'aa kidogo," alisema, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mjinga.

"Muulize panauma?"

Nikasikia wakinong'ona. Halafu mama mkwe akajibu, "Anasema hapaumi kabisa."

"Mungu asifiwe!" akapaza sauti Ezra.

"Wewe nyamaza!" nikamwambia. "Kutouma ndiko kunakonitisha. Mguu usiouma ndio unaooza mwenyewe anasinzia. Siku mtu wa kitanda hicho akiniambia panauma, nitamshukuru na kupiga vigelegele humu humu wodini."

Wodi nzima ilisikia. Hata mimi nilishtuka. Upande wa pili wa pazia kitanda kililia kidogo.

Siku ya pili ilikwenda vizuri. Siku ya tatu, katikati ya kazi, mama mkwe akasema, "Mama Hebroni, hapa pembeni pana hewa."

"Nyama haina hewa, mama. Funga."

Nilikuwa na mgonjwa anatapika kitanda cha kumi na moja na dripu mbili zimekwisha. Nikaandika kwenye mfumo: kidonda kisafi, kinaendelea vizuri. Niliandika hivyo bila kukiona. Hilo ndilo kosa langu, na nalisema.

Kesho yake, siku tatu za Metroni zikiwa zimekwisha, nilimkuta mama mkwe amesimama mlangoni, glavu ameshavaa.

"Nilisema pana hewa, ukanijibu kama mtoto," alisema. Sijawahi kumsikia na sauti ile. "Mimi chungu chenye hewa ndani nakijua kwa kidole gumba kabla hakijaingia motoni. Juu laini, kizuri, mnunuzi anakisifu. Kikipata moto kinapasuka na kuvunja vya wenzake. Mguu wa mume wangu uko hivyo, hapa pembeni, kuelekea kidole kidogo. Pamejaa, halafu ndani hakuna kitu."

Niliacha kila kitu, nikaenda nyuma ya pazia.

"Bonyeza hapo hapo, taratibu, kuelekea kwenye vidole. Niambie kinachotoka."

Hakuhitaji kuniambia. Harufu ilinifikia kabla yake.

Nilikimbia kumwita Dokta Jubilate, mimi ninayewakataza wanafunzi kukimbia wodini. Alikuja, akabonyeza pale pale alipoonyeshwa, akageuka kutafuta nani amegundua. Nikamwonyesha mama mkwe. Saa hiyo hiyo mzee akaingizwa chumba cha upasuaji. Walifungua pembeni, wakatoa usaha uliokuwa umejificha chini ya nyama nzima, na kidole kidogo kikaondoka. Dokta alipotoka aliniambia tungesubiri siku mbili zaidi, angekata chini ya goti.

Nilirudi kwenye kishikwambi nikaandika upya, na mara hii niliandika nani aliona: mke wa mgonjwa, kwa kidole gumba. Mfumo hauna sehemu ya kuweka hilo. Nililiweka kwenye maoni mengine. Halafu nikaenda stoo, nikalia, nikanawa uso, nikaendelea na kazi.

Wiki nne zilizofuata zilikuwa nzuri, nasema kweli. Kidonda kilijaa kutoka chini kama kinavyotakiwa. Metroni Felista alikuja asubuhi moja kukagua, akasimama na mimi nyuma ya pazia akimsikiliza mama mkwe akitaja rangi na kina, kisha akaondoka. Kesho yake alituletea ndugu wa wagonjwa wengine wanne, wakae wajifunze kabla watu wao hawajaruhusiwa. Mama Veronika akawafundisha kuosha mikono kwa ukali ambao mimi nisingethubutu. Ezra alilalamika kwamba paja lake halina mwalimu. Muuguzi wa pili bado hakuletwa, lakini saa tatu asubuhi sikuwa tena peke yangu, na nilianza kwenda nyumbani nikiwa na nguvu ya kumsikiliza mwanangu Hebroni akisoma.

Siku mzee aliporuhusiwa nilikuwa nyuma ya pazia kama kawaida, najaza karatasi zake. Nilisikia akisimama, mkongojo, hatua moja, nyingine. Alikuwa amevaa ndala pana laini alizoshonewa na fundi viatu, wazi mbele kwa ajili ya bandeji. Nilijua atapita na kunigeuzia mgongo, nikainamisha macho kama nilivyozoea, kuviaga vile visigino.

Miguu ilifika kwenye pazia ikasimama. Halafu, polepole, ikageuka. Chini ya kile kitambaa cha kijani vilitokeza vidole, vinanitazama mimi. Miaka kumi na miwili sikuwahi kuviona. Nikavihesabu: tisa.

"Nesi," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani siku zote. Hakusema mkamwana; nesi angeweza kumsemesha, mkamwana hapana. "Nesi, ugonile," akanisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Ena, mzee. Ndaga," nikaitikia na kumshukuru.

Aliukita mkongojo sakafuni.

"Nesi," akasema tena. "Leo panauma."

Nilipiga vigelegele humo humo wodini.