Mkono kwenye Mlango wa Kushoto

Vishimo vyenyewe vilikuwa vidogo, kama mtu kachoma praima, ile rangi ya msingi, ikiwa mbichi kwa ncha ya sindano, na vyote vilikuwa kwenye mlango wa kushoto. Kwingine kote gari lilikuwa kijivu kimoja, laini, limetulia. Bi harusi ndiye aliyeviona kwanza, akiwa amesimama kando ya nailoni mumewe na mdogo wake waliyoitundika kuzuia vumbi. Alipotazama vizuri, aliona vimejipanga mafungu matano, manne juu, moja pembeni.

Walimwita bi harusi ingawa harusi ilikuwa na miezi minane. Jina alipewa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, kwa sababu tangu aingie nyumba ile alikuwa akijibu kwa kichwa tu.

"Huyu tumemwoa na sauti yake, au sauti imebaki kwao?" shemeji aliuliza siku moja, mama mkwe akamtupia kandambili.

Asubuhi ile bi harusi alikuwa amemkanda mama mkwe magoti kwa mafuta. Akanawa harakaharaka, kwa maji matupu, akatoka uani kuanika taulo. Gari lilikuwa peke yake. Lilikuwa la mama mkwe, lililokaa miaka tisa chini ya turubai. Wakati huo lilikuwa bado bati tupu, limepigwa msasa mwili mzima, limefutwa kwa thina ya kuondoa mafuta, na vioo vyake vimezibwa kwa magazeti. Aliweka kiganja mlangoni. Akakiacha hapo kidogo, kisha akaingia ndani. Hakumwambia mtu, maana aliona hakuna cha kuambiana.

Sasa kilikuwepo.

"Njoo uone kazi ya kompresa yako," mumewe aliita.

Shemeji alikuwa akisafisha bunduki ya kupulizia rangi. "Nini tena?"

"Inatema mafuta, na rangi haishiki penye mafuta. Nilikuuliza kama umemwaga uchafu wa tangi, ukaniambia, kaka, tulia."

"Nilimwaga. Mbele ya mama."

"Mama anajua kompresa?"

"Najua kelele zake," alisema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake. Hakuna aliyecheka.

"Wewe ni hivyo hivyo tangu utoto," mumewe aliendelea. "Kitu ukikigusa, lazima kiharibike."

Shemeji akaweka bunduki chini. Miezi miwili mtu huyu alikuwa akija kila siku yake ya mapumziko, kompresa kaisukuma kwenye toroli kutoka kwake, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Akapiga magoti, akaanza kufungua mpira wa hewa.

"Sawa. Tafuta asiyeharibu. Hapa mimi sikanyagi tena."

"Nyie watoto nyie!" mama mkwe alisema, lakini kila mmoja alikuwa keshamgeuzia mwenzake mgongo.

Bi harusi aliijua hasira ya mumewe. Kuna mjomba aliyegombana naye kwa ajili ya baiskeli, na baiskeli ilishakuwa chuma chakavu, wao bado hawasalimiani. Mpira ukachomoka, kompresa ikatoa pumzi ndefu.

"Ni mkono wangu," alisema bi harusi.

Mumewe akageuka. "Mkono gani? Mkono wa kwanza nimepiga mimi. Wewe umeshika bunduki saa ngapi?"

Kwa wapaka rangi, mkono ni kila tabaka linalopulizwa juu ya bati: mkono wa kwanza, mkono wa pili. Bi harusi akatikisa kichwa.

"Si huo. Huu."

Akainua kiganja, akakisogeza mbele ya mlango bila kuugusa. Kila fungu la vishimo likakaa sawa na kidole chake. "Nilikuwa na mafuta ya mama."

Shemeji akaja, akainama. Akatazama mkono, akatazama mlango, akarudi kwenye mkono. Kisha akaangua kicheko, akajishika mbavu.

"Kaka, bi harusi katutangulia! Huo ndio mkono wa kwanza!"

Mumewe hakucheka. Aliokota mpira wa hewa, akasimama nao. "Nimekukosea, mdogo wangu."

"Umenikosea sana. Na mpira funga mwenyewe, maana mimi nikigusa kitu kitaharibika."

Mama mkwe sasa alikuwa akifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa nguo. Shemeji akamshika mkono, wakaenda ndani kutafuta ndoo ya kulowekea msasa, maana mlango ule ulikuwa wa kuanza upya.

Mumewe alibaki akikaza mpira. Aliuliza bila kuinua macho, kwa sauti ya chini, "Na wewe ulikuwa unatafuta nini hapo mlangoni?"

Bi harusi aliviringisha ncha ya kanga kidoleni, akaiviringua.

"Kila jioni unafumba macho, unaupapasa huu mlango polepole, kama unausikiliza," alisema. "Nikataka kujua una nini. Maana mimi nina miezi minane humu ndani, na uso wangu hujaugusa hivyo hata siku moja."