Unga Uliogoma Kuumuka

Rania alifunua bakuli tena. Unga ulikuwa palepale, mzito, hauna hata dalili ya kuumuka. Akaufunika, akaenda dirishani, akawatazama mafundi wa mtaa wa Gerezani wakigonga vyuma vyao, akarudi, akafunua.

Chumbani alilala mama mkwe wake, Bi Zeina. Juzi alimaliziwa kung'olewa meno, na tangu hapo kila uji anausukuma pembeni. Asubuhi hii ndipo alipotamka, "Ningepata mkate wa samli, ule laini, nichovye kwenye chai." Rania, bibi harusi wa juzijuzi wa mwanawe Asad, alifika jikoni kabla hajamaliza kusema.

Hodi ikapigwa. Candida, jirani anayeuza unga wa jumla Kariakoo, aliingia na maziwa ya mgonjwa.

"Mbona jasho hivyo, shoga?"

"Mkate haupandi."

Candida akabonyeza unga kwa kidole. "Samli uliitia ya moto?"

"Ilikuwa inachemka. Nilikuwa na haraka."

"Basi umeua hamira. Usiisubiri, haifufuki."

"Yarabi! Na mama ana njaa. Atasema Asad kaoa picha ya ukutani."

"Acha mambo yako. Lete kibao tusukume chapati. Chapati haidai hamira, inadai mafuta."

"Hana meno, Candida!"

"Ndiyo maana hatutayaonea choyo hayo mafuta."

Wakaongeza unga mkavu kidogo, wakasukuma, wakapaka samli, wakakunja, wakasukuma tena. Ya kwanza ilipoiva, Rania hakuweza kungoja. Akaficha meno yake kwa midomo, akatafuna kwa ufizi kama kibogoyo. Candida alicheka hadi akakaa sakafuni.

"Ngumu," Rania akasema, machozi yakimlenga.

"Ongeza samli. Na ukiepua, funika kwa kitambaa, mvuke uilainishe."

Ya pili ilijitenga tabaka kwa tabaka, ikayeyuka mdomoni yenyewe. Rania akaikatakata vipande vidogo, akapeleka na chai ya maziwa.

Bi Zeina alichovya kipande, akakizungusha mdomoni. Rania alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mkate wa samli huu?"

"Hapana, mama, ni chapati. Nilimwagia hamira samli ya moto, ikafa."

Bi Zeina akachovya kingine. Kisha kingine. Akaivuta sahani mapajani, akaikumbatia kwa mkono.

"Asad akirudi," akasema, "mwambie zimekwisha."