Nukta ya Kiwikoni

Wagonjwa wake walimwita Mama Sindano, naye hakuwahi kuwakataza. Kwa miaka ishirini na mitatu aliwatibu kwa sindano za tiba ya Kichina, nyembamba kama unywele, na nukta aliyoiamini kuliko zote ilikuwa kiwikoni, upande wa nje, pale mkunjo unapoishia. Fundi rangi aliyeumia mkono, mwenye homa, mwenye ngozi inayomuwasha mpaka akakosa usingizi, wote walichomwa hapo. Kwanza aliwakunja kiwiko, kisha akawageuza uso ukutani, maana alisema jicho lina uongo. Likiiona sindano tu, linadai limeisikia. Sindano iliyofika pake huleta uzito, ndipo aliuliza, "Umesikia uzito?"

Sasa aliyelala kwenye kitanda cha wagonjwa ni yeye mwenyewe. Kiharusi kiliuchukua mkono wa kulia, ule wa kazi, na kwa wiki tisa ulikuwa mzigo tu ubavuni, hausikii moto wala baridi. Daktari wa hospitali alisema aendelee na dawa na mazoezi, mengine ni kusubiri. Bintiye akaongezea sindano kila asubuhi, roho mkononi. Katika miaka yote ya kujifunza kwa mama yake hakuwahi kuachiwa mgonjwa peke yake. Mama alikuwa mkali kwa kazi yake, acha tu.

"Leo mwisho," Mama alisema, ulimi bado mzito. "Nisiposikia kitu, chumba hiki cha tiba ukifunge. Sindano uwagawie wenzangu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimeshasema, mwanangu."

Akageukia ukuta.

Binti alipaka spiriti kwa pamba. Machozi yalikuwa karibu, na aliyachukia. Kila siku alipouinua mkono ule aukunje, ulimponyoka ukaanguka, na leo hakuwa na moyo wa kuuona ukianguka tena. Basi akauacha umenyooka juu ya mto, akakisia kwa kidole gumba, akachoma.

Hakuuliza kitu. Aliliogopa jibu. Nje mtu alikuwa akifagia, na ufagio ulisikika mpaka ukafika mwisho wa ua.

"Umekosea," Mama akasema.

"Nini?"

"Umechoma chini. Vidole viwili chini. Hukuukunja, wewe! Nimekwambia mara ngapi?"

Binti alitazama. Kweli, alikuwa amekosea vibaya, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Akaanza kuomba radhi kama alivyozoea miaka yote, kisha akainua macho. Mama hakuwa amegeuka. Uso wake ulikuwa ukutani vilevile.

"Mama," alisema polepole. "Umejuaje?"

Bega la Mama lilianza kutikisika, na binti hakujua kama amguse au amwache.

"Itoe," Mama alisema hatimaye, akilia waziwazi. "Ukunje mkono wangu, uchome upya."