Mita Nane za Kurrabin

Mimi si mwandishi. Kwa miaka arobaini na mmoja nimekaanga soseji na kukata machungwa ya mapumziko katika klabu ya raga ya Kurrabin, na nilipewa kazi ya kuandika historia yake kwa sababu moja tu: kamati ilipopiga kura nilikuwa jikoni, sikusikia. Nilipotoka na sinia, wakanipigia makofi.

Klabu ilianzishwa mwaka 1924 na wakata manyoya ya kondoo walionyimwa nafasi katika timu ya kriketi. Tunaitwa Kasuku, na jezi zetu ni za waridi na kijivu, rangi ya wale ndege wanaotumalizia ngano. Katika miaka mia moja tumechukua ubingwa wa wilaya mara moja. Dunbilla, ng'ambo ya mto, wamechukua mara kumi na nne, na hawachoki kututajia.

Hiyo mara moja ni ya mwaka 1985, na ni ya shemeji yangu, Merv Tolhurst. Fainali ilikuwa hapa kwetu. Tulikuwa sare na Dunbilla, dakika ya mwisho, tukapewa penalti katikati kabisa ya uwanja. Mita hamsini! Hakuna mtu wa wilaya hii aliyewahi kufunga kutoka mita hamsini. Merv, wakati huo kijana wa miaka ishirini na saba mwenye masikio makubwa, alirundika mchanga kidogo, akausimamisha mpira juu yake, akapiga. Ukapita juu ya mwamba kwa upana wa kiganja. Kile kiatu kimepigiliwa msumari ukutani kwenye baa, kimepakwa rangi ya dhahabu, na chini yake paliandikwa MITA HAMSINI. Tangu siku hiyo Merv hakuwahi kujinunulia bia Kurrabin. Kuna watoto watatu mjini walioitwa Mervyn, na mmoja wao ni wa kike.

Wiki mbili kabla ya sherehe za miaka mia, akaja binti mmoja wa ofisi ya ligi, Tegan, kupima uwanja ili tuwekewe taa mpya. Alikuwa na kidude cha kupimia kinachotoa mwanga mwekundu. Akapima kutoka mstari wa trai wa upande huu, ule wenye nguzo za goli, hadi wa upande ule, akakunja uso, akapima tena.

"Mama, uwanja wenu una mita tisini na mbili."

"Hicho kidude chako kina njaa kama wewe," nikamwambia. "Njoo ule keki kwanza, halafu upime vizuri."

Akala vipande viwili, akapima. Tisini na mbili.

"Ulitakiwa uwe mia," akasema. "Itabidi niandike kwenye ripoti, na ripoti inakwenda kwa klabu zote."

"Hata Dunbilla?"

"Zote, mama."

Sikusoma sana, lakini nusu ya tisini na mbili naijua. Nilikaa kwenye benchi la akiba. Kitabu kilitakiwa kufika kiwanda cha uchapaji Ijumaa jioni, na ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa wote wa Merv na mita zake hamsini. Mke wa Merv alikwisha kuondoka zamani na muuza matrekta. Shamba aliliuza. Alichobakiwa nacho ni lile goli, na kazi ya kutunza uwanja, ambayo ameifanya tangu lile goli bila kukosa Ijumaa hata moja. Nikiandika mita arobaini na sita, ninamng'oa kiatu ukutani. Nikiandika hamsini, Dunbilla watakuja na ripoti mkononi kutucheka mbele ya wajukuu zetu.

Na aliyeupima uwanja namjua. Nililala naye kitanda kimoja miaka arobaini na minne.

Mafuriko ya mwaka 1984 yalisomba nguzo za goli, vigingi vya pembeni na kantini pamoja na friji jipya. Maji yalipokauka, marehemu Clarrie wangu, kaka yake Merv, ndiye aliyeitwa kuupima uwanja upya. Alikuwa fundi wa uzio, na alipima wilaya nzima kwa miguu. Hatua moja ya Clarrie ilikuwa mita moja kamili. Wanaume walishindana naye kwa bia, wakapima nyuma yake kwa futi ya kamba, na kila mara bia ilikuwa ya Clarrie. Ila majira yale ya baridi kondoo dume alikuwa amemvunja mguu, jambo ambalo yeye hakupenda litajwe, na plasta ilikuwa imetolewa wiki moja tu kabla.

Ijumaa asubuhi nikamfuata Merv uwanjani. Alikuwa anasukuma toroli lake la chokaa, anachora mstari wa kati.

"Merv, simama. Nina neno."

"Sema tu, shemeji. Nikisimama linamwagika."

Nikawa natembea kando yake na nyonga yangu mpya ya hospitali. "Yule binti amepima uwanja. Sasa usishtuke. Kaa chini kwanza."

"Tisini na mbili na sentimita kumi," akasema, macho kwenye mstari.

Aliyekaa chini ni mimi.

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu baada ya fainali. Kel Hannaford wa Dunbilla alikuwa anapita mitaani anasema ni upepo uliousukuma mpira. Akaniudhi, nikaja na futi peke yangu nipate kumfunga mdomo." Akacheka kidogo. "Nikajifunga wangu. Nikauweka mpira kwenye hamsini ya kweli, nikapiga mara kumi na tisa."

"Ukaingia?"

"Hata mara moja."

"Na bia zote hizo za bure, Merv? Miaka thelathini na tisa?"

"Shemeji, zile nilizinywa kama dawa."

Nilitaka kumpiga na toroli lake. "Kwa nini ukanyamaza, mpumbavu wewe? Clarrie angecheka tu!"

"Angecheka, ndiyo. Halafu asingepima tena kitu maisha yake yote." Hapo ndipo aliposimama. "Kwani umesahau? Hakuna aliyetaka kumpa kazi na ule mguu. Uwanja huu ndio ulikuwa kazi yake ya kwanza. Watu wakaona nguzo zimesimama wima, mistari imenyooka, wakasema Clarrie amerudi. Nikaomba kazi ya kutunza uwanja ili asije akapewa mtu mwingine akashangaa kwa nini chokaa ya uwanja wa mita mia inabaki."

Sikuwa nimesahau. Kuna jambo Merv alikuwa halijui. Asubuhi ile ya kupima, Clarrie alitaka kuazima futi ya mwalimu mkuu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anauangalia ule mguu mwembamba. Mimi ndiye niliyemwambia, "Clarrie Tolhurst na miguu yake anaazima futi? Nenda ukapime kama mwanamume!" Nilimchokoza ili ainuke. Akainuka, akaenda, akarudi amevimba kwa furaha. Mita nane zile nilizipoteza mimi.

"Andika ukweli wa goli langu," Merv akasema. "Kiatu wakitoe, kinanuka. Ila usimtaje kaka. Andika ni mafuriko."

"Mafuriko hayajui kuhesabu, Merv."

Nikarudi nyumbani nina hasira na aibu, na nikalia pia, sina haja ya kuficha. Kisha nikafungua madaftari ya mikutano ya kamati, maana sikutaka kumwandika mume wangu kwa kubahatisha. Mwaka 1984, mwezi wa kumi, nikakuta habari za uwanja wetu kupimwa. Nikafunua ukurasa mmoja mbele, nikasoma mistari mitatu, nikasoma tena kwa sauti, nikaenda kujiwekea chai ya maziwa mengi. Jioni kitabu kikaenda kiwandani na jina la Clarrie ndani yake, mguu na kondoo vyote. Ile mistari mitatu nikainakili kwenye karatasi, nikaitia mfukoni mwa aproni.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Kel Hannaford, mwenyekiti wa Dunbilla, alikuja amevaa koti la klabu, tumbo mbele, ripoti mkononi. Hakungoja hata keki ikatwe.

"Ndugu zangu Kasuku," akasema, "hongereni kwa miaka mia moja. Nasikia kwenu mia moja ni tisini na mbili."

Watu wake wakavunjika mbavu. Merv aliangalia viatu vyake.

"Merv alipiga mita arobaini na sita!" Kel akaendelea. "Bibi yangu angefunga hiyo, amekaa kwenye kiti! Mimi mwaka 1986, pale Dunbilla, nilikimbia na mpira mita mia kamili, mstari hadi mstari, nikafunga. Hiyo ndiyo rekodi!"

Nikapanguza mikono. "Kel, uwanja wenu nani aliupima baada ya mafuriko?"

"Hilo linahusiana nini?"

"Nakuuliza tu, baba. Nguzo zenu nazo si zilikwenda na maji?"

Nikatoa karatasi, nikasoma. Novemba 1984: Imepokelewa barua ya klabu ya Dunbilla. Wameupenda uwanja wetu, wanaomba kuazimwa mtu aliyeupima. Kamati imekubali, Bwana C. Tolhurst atakwenda Jumamosi.

Mzee mmoja wa Dunbilla kutoka nyuma akaita, "Kel! Si ndiwe uliyemshikia kofia akipima?"

Nimeona vicheko vingi katika jengo lile, lakini si kama kile. Kel mwenyewe alishindwa kujizuia. Alikwenda kaunta akamnunulia Merv bia, Merv akaisukuma kando, akanunua yake kwa mkono wake, ya kwanza kwa miaka thelathini na tisa, akalalamika bei. Kiatu hakikutolewa. Mtu alifuta tu HAMSINI akaandika ZA CLARRIE 50.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda uwanjani kuokota vikombe. Hapakuwa na mtu. Nikasimama kwenye mstari wa trai wa kaskazini, nikaanza kutembea kwenda kusini nikihesabu kwa sauti. Mimi na Clarrie tulikuwa kimo kimoja, na hii nyonga ya hospitali inanifanya nichechemee: hatua ndefu, hatua fupi, kama yeye majira yale. Nilipita katikati, nikapita chokaa ya Merv ya Ijumaa, nikaendelea. Tisini na nane. Tisini na tisa. Mia, na kidole changu cha mguu kikagusa mstari wa kusini. Hakukosea kuhesabu hata hatua moja.