Mto Uliokuja Kuposa

Ukitaka kuoa Bujumbura, na ndugu zako hawana ulimi, watu walikuelekeza Kamenge kwa Geneviève Mirindi. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Uvira, aliyefundisha shule miaka mingi kabla ya kugundua kwamba maneno yanaweza kumlisha mtu vizuri zaidi nje ya darasa. Aliandika hotuba za posa. Msemaji wa ukoo alifika kwake mdomo mtupu, akaondoka na mafumbo ya kuwakabili wakwe wa kila namna.

Kwa maana posa haisemwi kavu. Huwezi kusimama mbele ya wazee ukasema tumekuja kumtaka binti yenu. Wengi husema wamepotelewa na ng'ombe na nyayo zake zimeishia mlangoni hapa, au wameona ua zuri bustanini. Geneviève alikuwa ameyapiga marufuku yote mawili. Ng'ombe huyo, aliwaambia wateja, amepotea kila Jumamosi tangu babu zetu, na ua lile limechumwa mpaka shina limekauka. Fumbo lazima lipimwe kama nguo, mwilini mwa mtu mwenyewe.

Zénon alipomjia, kazi ilionekana rahisi. Alikuwa mfanyabiashara wa simenti anayekaa Kiriri, mlimani juu ya mji, naye alichaguliwa kumposea Prodige, mtoto wa marehemu kaka yake. Prodige alifanya kazi ya maabara katika kliniki moja, na huko ndiko alikompata Chanelle, muuguzi. Watu wa Chanelle walikaa Buterere, chini kabisa, penye mashamba ya mpunga. Mambo yangekwenda kwa Kiswahili, kwa sababu ukoo wa Zénon ulitoka Uvira na Kirundi chao kilikuwa cha kuombea chumvi tu.

Mlimani na bondeni. Geneviève hakuhitaji zaidi ya hapo. Kabla chai haijapoa alikuwa amekwisha kuandika: "Mto wetu umeshuka kutoka mlimani. Umepita mawe, umepita vichaka, haukupata pa kutulia. Leo umeona bonde lenu, nao unaomba kupumzika." Zénon alifumba macho, akaomba asomewe tena.

Desturi yake ilikuwa kwenda kuitazama nyumba ya upande wa pili kabla ya kuandika. Safari hiyo hakwenda. Ilikuwa miezi ya harusi, kazi zimemsonga, na lile fumbo lilikuwa zuri mno hata hakuona haja.

Siku ya posa alifuatana nao, kama alivyozoea, ili akae nyuma na wanawake na kuisikia kazi yake ikitembea. Turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vimepangwa pande mbili vikitazamana. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa mpya. Lakini chini ya chokaa, usawa wa kifua cha mtu, ulipita mstari wa kahawia ambao chokaa ilishindwa kuufunika. Uliizunguka nyumba nzima kama mshipi.

Geneviève alimwuliza Joëlla, mdogo wake Chanelle, aliyekuwa akifuta bilauri. Msichana akamjibu bila kuacha kazi yake. Yalikuwa maji ya mwaka juzi, mto ulipovunja kingo. Yaliondoka na jiko, na chumba cha bibi. Bibi alitolewa hai mgongoni mwa baba, lakini hakumaliza wiki.

Geneviève aliinuka mara moja, akamfuata Zénon pale mbele, akamnong'oneza auache mto, aseme chochote kingine, hata yule ng'ombe aliyepotea. Zénon alikuwa ameikariri hotuba mpaka mke wake akaichoka. Akamwambia taratibu, kama mtu anayemtuliza mwoga, kwamba maneno yalikuwa mazuri na asiyaharibu. Kisha akaitwa, akasimama.

Alisema vizuri, hilo halikanushiki. Sauti yake ilijaza turubai. Watu wa Kiriri wakatabasamu, wakagusana viwiko. Upande wa pili hakuna aliyetikisika, na baba yake Chanelle akawa anatazama viganja vyake. Zénon alidhani kimya kile ni cha kuvutiwa, akanogewa, akaongeza la kwake ambalo halikuandikwa: kwamba mto huu una nguvu, na hakuna ukuta wa kuuzuia.

Alipoketi, akasimama Olga, shangazi yake Chanelle, aliyewasemea watu wa nyumba ile. Alikuwa mwanamke mrefu, asiye na haraka.

"Karibuni, wakubwa," alisema. "Huo muto yenu tunaijua. Ilishafika hapa. Siku ile haikuposa mutu."

Akaketi.

Zénon aliifungua karatasi yake, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Prodige aliinamisha kichwa. Kule nyuma mtu mmoja alianza kukusanya vibuyu vya pombe ya ndizi ambavyo vilikuwa bado havijaguswa.

Mwandishi wa hotuba kazi yake ni kutoonekana. Lakini Geneviève alijua kwamba fumbo likishamwumiza mtu mbele za watu halimezeki tena. Watakwenda nalo nyumbani, na watoto watasimuliwa. Linashonwa palepale lilipochanikia. Akainuka, akaomba ruhusa ya kusema. Olga akamruhusu kwa kichwa.

"Wakwe, mzee wetu hana kosa," alisema. "Ule muto mi ndiye niliuandika, nikikaa Kamenge pakavu. Nilitazama kilima chao, sikutazama ukuta wenu. Mutusamehe."

Wazee wachache waliguna kuonyesha wamesikia. Angeweza kuketi hapo, na labda posa ingepita, lakini ingepita ikichechemea. Akatazama nje ya turubai. Mpunga ulianzia nyuma tu ya uzio, wa kijani kibichi, umesimama katika maji yaliyotulia.

"Lakini naona mashamba pale," aliendelea. "Mupunga unakunywa maji. Munayatoa wapi?"

Alimwuliza Olga, akimtazama usoni. Olga alikuwa msemaji, na msemaji akifunguliwa mlango hujua. Bado alikuwa akifikiri kama atapita.

"Kwa muto," alisema mwishowe. "Ni ileile. Lakini haiingiake yenyewe. Tunaikatia mufereji. Tukitaka tunaifungulia, tukitaka tunaifunga."

"Basi mutukatie mufereji, dada. Mutuonyeshe kwa kupita na kwa kuishia. Tutafuata."

Baba yake Chanelle aliinua uso kwa mara ya kwanza. Olga alisimama tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mufereji inapita kwanza mahali mama yetu alikuwa analala," alisema.

Watu wa Kiriri walitazamana. Zénon alimwinamia Geneviève akamwuliza fumbo hilo linajibiwaje. Palikuwa na mafumbo mengi yaliyopita siku ile, na mtu angeweza kusamehewa kwa kutafuta jingine. Lakini Geneviève alikuwa ameona, kati ya nyumba na uzio, kipande cha ardhi kilichofagiliwa vizuri ambacho hakuna aliyejenga juu yake wala kuweka kiti.

"Hilo si fumbo," alisema. Kisha akamgeukia Prodige. "Simama, mwanangu. Uende pale."

Prodige alikwenda. Zénon akamfuata, na matope yakamshika viatu vyake vya kung'aa bila yeye kuvitazama. Walisimama kando ya kile kiwanja kitupu, vichwa chini. Punde baba yake Chanelle akaondoka kitini, akaenda kusimama nao. Walichozungumza watatu hao hakikusikika chini ya turubai, ila watu waliona yule baba akionyesha kwa mkono, hapa mlango, hapa kitanda, na Prodige akisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia.

Walirudi pamoja. Baba akaagiza vibuyu virudishwe katikati, akavuta mrija wa kwanza, akamsogezea Zénon wa pili. Ndipo Chanelle akatolewa ndani, na vigelegele vikaruka mpaka kwa majirani.

Sahani zilipoanza kuzunguka, Olga alivuta kiti akakaa karibu na Geneviève. Alitaka kujua mwenzake angefanya nini kama yeye angekataa kulijibu lile swali la mpunga. Geneviève akasema angeketi, akanyamaza, akaondoka na aibu yake. Olga akacheka, akamwambia kwamba aliipenda ile sentensi ya mto kutoka mlimani, na ndiyo sababu ilimwuma sana. Isingekuwa nzuri, angeisahau.

Kisha akauliza nani ataandika maneno ya siku ya harusi. Geneviève akajibu kwamba atayaandika yeye, ya pande zote mbili wakikubali, lakini kwanza angependa kuja kukaa nao Buterere siku moja, atembee mashambani, asikie wanavyosema.

"Ukuje asubuhi," Olga alisema, akimwekea kipande cha samaki. "Na uvae mabuti."

Alikwenda Jumanne, akarudi jioni na matope magotini. Ndoa ilifungwa kiangazi, na mpaka leo, Zénon akialikwa kusema popote, humtuma mtu kwanza akaitazame nyumba.